Tulivyompigia Goti Mbeba Soda Ukweni

Haya ninayoyaandika nayaonea aibu, na nimeshayaanza mara mbili nikachana karatasi, mara ya kwanza kwa sababu nilijifanya mwerevu kuliko nilivyokuwa siku ile, mara ya pili kwa sababu nilimbebesha Mwalimu Bihemo makosa yote peke yake, na hiyo si haki, ingawa yake yalikuwepo. Hii ni ya tatu. Mkitaka kucheka chekeni, hata mimi nikikumbuka nacheka, ila kwanza huwa nashusha pumzi, maana nilibakiza kidogo tu nimkose Perusi, binti niliyekuwa nataka kumwoa, na ningemkosa kwa ajili ya mchezo wa maharage.

Mimi ni fundi baiskeli, Kitahana, Kibondo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Miaka ile ya tisini, wakimbizi walipojaa upande wetu na wageni wakafungua ofisi mjini Kibondo, niliitwa siku moja kurekebisha baiskeli za ofisi moja, nikamkuta karani amekaa mbele ya kompyuta anacheza. Mle kwenye kioo mlikuwa na falme, watu wadogo kama sisimizi wanalima, wanajenga, wanaoana, wanapigana na mijusi yenye mbawa, na yeye anawaangalia tu kutoka juu kama mtu anayechungulia mzinga wa nyuki. Alinipa dakika kumi nimtazame. (Nadhani zilikuwa kumi. Yeye huenda angesema tano.) Nilimaliza zile baiskeli, nikaomba boksi tupu la biskuti, nikarudi nalo nyumbani, na wiki ile ile nikachora falme zangu mwenyewe.

Tulikuwa wachezaji wanne. Mwalimu Bihemo wa shule ya msingi, mtu wa maneno mengi na mazuri. Masudi mwenye duka, kwao Ujiji, hodari wa kutania. Nikodemo fundi matofali, mtu mzima mwenye watoto watatu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani sana, mrefu kuliko sisi sote na mwenye haya kuliko sisi sote, ukimsalimia kwa sauti anaangalia viatu vyake. Na mimi, mwenye ufalme mdogo kuliko wote, ambaye nilifanywa pia mwamuzi kwa sababu walisema sijui kudanganya, jambo ambalo sijui kama lilikuwa sifa. Nikodemo alitufinyangia dadu ya udongo akaichoma pamoja na matofali yake. Maharage yalikuwa ndio watu, mahindi ndio chakula, na kwenye kinamasi cha Malagarasi niliweka zimwi ambalo likiangukiwa na namba sita linatoka na kula ng'ombe wa jirani.

Ulikuwa mchezo mzuri, ila Mwalimu alishinda kila mara.

"Falme zenu hazina dini," Masudi akasema Jumamosi moja pale kibarazani kwake. "Watu wanalima, wanakula, wanakufa, hakuna hata anayeomba mvua. Ndiyo maana Mwalimu anatuonea."

Mimi neno kama hilo likiniingia halitoki. Nikakaa siku kadhaa na daftari langu, nikatunga dini. Niliogopa isije ikawa dhambi, kwa hiyo nilimuuliza Masudi kwa upande wa msikiti na Mwalimu kwa upande wa kanisa, na wote wakasema haina neno mradi nisitumie jina lolote linaloombwa na mtu yeyote aliye hai. Nikamtunga Mwenye Mawingu. Huyu ndiye mwenye mvua ya mchezo mzima, na kila msimu anamchagua Mteule wake kati ya wachezaji, kwa kura ya harage moja jeupe ndani ya kopo la mengine mekundu. Mteule hashindwi vita. Mteule hawezi kukataa. Zimwi likimwona linarudi majini.

Hapo ningeishia, ningekuwa salama. Lakini nikajiuliza, mungu asiyeheshimiwa na watu wake ni mungu gani, na nikakumbuka bibi yangu alivyotuonyesha jinsi Waha wa zamani walivyomwamkia mwami, mfalme wao, goti chini, kichwa chini, viganja vinapigwa taratibu, "mwidiwe, mwidiwe," mpaka aitikie. Nikaandika kanuni ya tisa: Mteule akiingia mahali ulipokaa, utampigia goti na makofi na kumwamkia, usipofanya hivyo mvua hainyeshi kwako msimu mzima. Nikasoma, nikaona imekaa vizuri, lakini nikahofia watu watakwepa kwa kusema walikuwa sokoni au kazini, na kwa ajili ya haki tu, naapa ni kwa ajili ya haki, nikaongeza maneno mawili: popote pale.

Mteule wa kwanza alitoka Masudi. Alifurahi mno. Alikuwa anaacha duka lake anapita shuleni makusudi ili Mwalimu apige goti mbele ya walimu wenzake, na Mwalimu, ambaye asingekubali kukosa mvua hata kwa kisu, alipiga. Walimu wakacheka, Masudi akapita tena. Na mimi nilipigishwa goti kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nikiwa na debe la mahindi kichwani. Tulicheka siku zile, lazima niseme ukweli, tulicheka sana.

Msimu wa pili kura ikamwangukia Nikodemo. Maskini, alilishika lile harage jeupe kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. "Haiwezekani kurudia?" aliniuliza. Nikamwonyesha kanuni.

Na msimu huo ndio posa yangu ilipoangukia.

Perusi nilimfahamia Kasulu, kwenye mkutano wa kwaya, na kwao ni Kitanga. Baba yake, Mzee Yeremia, ni mzee wa kanisa, na sisemi mzee wa kanisa wa kusinzia kwenye benchi, huyu ni wa kufunga na kuomba, na miaka ile walizuka watu wa kujiita manabii huku na huku, wanakusanya watu porini, na Mzee Yeremia alikuwa anawachukia kama nondo kwenye suti. Miaka miwili alinizungusha. Mwishoni akatoa siku moja, akatuma ujumbe kwamba kuna watu wengine nao wanaulizia, kwa hiyo tuje siku hiyo na mimi mwenyewe nionekane, na jibu atalitoa siku hiyo hiyo, ndiyo au hapana, halitajadiliwa tena. Perusi akaniandikia mstari mmoja: "Njoo na watu wenye akili."

Watu wangu wenye akili walikuwa hao hao. Mwalimu ndiye mshenga, kwa ajili ya maneno yake. Masudi kwa sababu anawajua watu wa Kasulu. Nikodemo kwa nguvu zake za kubeba. Na baba yangu mdogo Hosea, kwa niaba ya marehemu baba; yeye hakujua lolote kuhusu mchezo.

Kabla ya safari niliwaambia jamani, kanuni ya tisa tuisimamishe kwa siku tatu tu. Mwalimu akanitazama juu ya miwani.

"Mwamuzi akisimamisha kanuni siku inayomfaa yeye," akasema, "na sisi tutasimamisha siku zinazotufaa sisi."

Nikafunga daftari, kwa sababu ni kweli. (Ni kweli pia kwamba yeye na Masudi walikuwa wamelingana magunia ya mahindi kwenye mchezo, na mvua ya msimu ule ndiyo ingeamua, lakini jambo lenyewe lilikuwa kweli.) Ni Nikodemo aliyepata dawa, kwa sauti yake ya chini: yeye atakuwa anaingia wa kwanza kila mahali. Kanuni inasema Mteule akiingia ulipokaa. Akiwa ameshaingia kabla yetu, hakuna goti. Tukamsifu. Na kweli, kwenye lori kutoka Kibondo alipanda wa kwanza, Kasulu kwa ndugu yake Masudi aliingia wa kwanza, mpaka mwenye nyumba akadhani ndiye bwana harusi.

Asubuhi yake tukaazima baiskeli kwenda Kitanga, Nikodemo amefunga kreti mbili za soda nyuma. Tulipokaribia, tairi lake la nyuma likapasuka. Mimi fundi, na vifaa ninavyo mfukoni, nikainama.

"Yewe!" baba mdogo akanifokea. "Uingie ukweni na mikono ya grisi? Simama. Tumechelewa. Atasukuma, atatukuta."

Na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyekumbuka. Au labda Nikodemo alikumbuka, kwa sababu alifungua mdomo kisha akaufunga.

Tukapokelewa vizuri. Mikeka, viti, maji ya kunywa. Mzee Yeremia katikati na Biblia mapajani, shangazi yake Perusi pembeni, mwanamke mnene mwenye ulimi, majirani ukutani, na akina mama nyuma ya pazia ambako nilijua Perusi yupo kwa sababu niliona vidole vyake vya miguu. Mwalimu akasimama kuzungumza, na jamani, Mwalimu alizungumza! Alisema tumetoka mbali tukifuata harufu ya ua, akaeleza adabu yangu, akaeleza kwamba mimi ni mcha Mungu nisiyeyumba, nisiyefuata mikumbo. Mzee alikuwa ameanza kutikisa kichwa taratibu, kule kutikisa kwa kukubali.

Hapo ndipo Nikodemo akatokea mlangoni. Jasho linamtiririka, vumbi mpaka kwenye kope, kreti ya soda begani, nyingine mkononi, ameinama ili asigonge kichwa.

Nilimwona Masudi akimtazama Mwalimu. Nilimwona Mwalimu, katikati ya sentensi, akimtazama Masudi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake asahau. Halafu wote wawili kwa pamoja, pu! chini, magoti kwenye mkeka, vichwa chini, makofi. "Mwidiwe! Mwidiwe!"

Majirani ukutani wakanyosha shingo.

Nikajisemea mimi sipigi, mvua inikose, ufalme wangu ni kiraka tu. Lakini Mwalimu aliinua jicho moja kutoka pale chini akaniangalia, na jicho lile lilisema mwamuzi, wewe uliyeiandika. Nikapiga goti. Suruali mpya. Baba mdogo Hosea, ambaye hakujua chochote, alipoona wenzake wote wameshuka akafikiri ndiyo desturi ya Kitanga na yeye ndiye aliyekuwa anatia aibu, akashuka naye haraka, akapiga makofi kwa nguvu kutushinda sote.

Nikodemo akabaki amesimama na kreti zake. "Mwi... mwidiwe," akaitikia, machozi yakimlengalenga, kwa sababu bila kuitikiwa hatuwezi kuinuka.

Shangazi akajipiga kofi pajani. "Mnatuletea mkwe, au mmetuletea mwami anayeuza soda?"

Mzee Yeremia hakucheka. Alifunga Biblia. "Mwalimu," akasema polepole, "huyu ndiye nabii wenu?"

Mwalimu akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Na bwana harusi hatakiwi kusema siku ya posa, hilo nalijua, nilifundishwa. Lakini mimi nikisikia jambo limesemwa sivyo nawashwa.

"Hapana baba," nikasema. "Si nabii. Ni Mteule."

"Mteule wa nani?"

"Wa Mwenye Mawingu."

Kama ningewamwagia maji ya moto wale majirani wasingesogea vile. Mama mmoja nyuma ya pazia akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Baba mdogo akanishika shati, "Wewe mtoto, Mwenye Mawingu ni nani?" na mimi nikazidi kueleza, kwamba ni yeye anayetoa mvua lakini si mvua hii, na zimwi la Malagarasi linamwogopa, na kila neno nililoongeza lilikuwa koleo jingine la udongo kwenye kaburi langu.

"Inatosha," Mzee akasema, akainuka. "Chukueni soda zenu. Binti yangu haendi kwenye kambi ya watu hawa."

Sikuwa na ujanja wowote, sina ujanja hata siku nyingine. Nilichokuwa nacho ni daftari, ambalo sitembei bila kuwa nalo. Nikamwomba Mzee anisikilize nisome, kisha atufukuze. Sijui kwa nini alikubali. Nafikiri ni kwa sababu alitaka ushahidi.

Nikasoma zote, nikiwa bado nimepiga goti. Nikasoma ya dadu, ya maharage, ya ng'ombe kuliwa. Nikasoma ile isemayo kwamba mfalme akiishiwa mahindi ataazima kwa jirani na kuimba wimbo wa shukrani, na shangazi akauliza, "Nani alishawahi kuimba?" nikasema mimi, mara nne. Akaanza kutikisika mabega. Nikasoma ya tisa na yale maneno mawili. Nikasema ni mimi niliyeyaweka, si Mwalimu, si Masudi, na Nikodemo alilazimishwa na kura.

Mzee akakaa tena. "Kwa hiyo," akasema, "watu wazima wanne mmepiga goti nyumbani kwangu kwa ajili ya mvua ya kwenye boksi la biskuti."

"Watatu, baba," nikasema. "Baba mdogo hachezi."

Shangazi akaanguka ubavu kwa kicheko. Mzee aliuma midomo, na mpaka leo yeye hukana kwamba ilikuwa kicheko, nami siwezi kuapa.

"Mungu wenu huyo anaondokaje?"

Kanuni ya kumi na moja, nikamwambia: Mteule amkane mwenyewe mbele ya watu na wachezaji wote wakubali. Masudi akasema nakubali mara moja. Mimi nikasema nakubali. Tukamgeukia Mwalimu.

Mwalimu akajikohoza. "Tungemalizia kwanza msimu huu..."

"Mwalimu!" Masudi akamkatiza. "Wewe hapa ni mshenga, au ni mfalme?"

(Mwalimu anasema alikuwa anatania. Naandika kwamba anasema hivyo.) Akainamisha kichwa. "Nakubali."

Ikabaki Nikodemo. Alitua kreti zile chini taratibu, chupa zikagongana. Mimi nilijua kwamba mtu huyu hajawahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano tangu azaliwe. Akamtazama Mzee Yeremia, si viatu vyake, Mzee mwenyewe.

"Mimi Nikodemo," akasema, "simtaki Mwenye Mawingu. Sikumtaka tangu mwanzo. Wiki tatu siwezi kwenda kwa rafiki zangu kwa sababu nikiingia wanapiga magoti. Nilikuwa nawapitia kila jioni, sasa nakaa nyumbani peke yangu. Huyu kijana, baba, si mtu mbaya. Ana akili ya kuandika sana tu. Mke wangu alipolazwa alikuja kuwapikia watoto wangu, na akaandika ametumia chumvi kiasi gani ili airudishe. Mpeni binti, na mimi mnirudishie rafiki zangu."

Hakuna aliyecheka hapo. Mimi nilijisikia vibaya kuliko wakati wa kufukuzwa, maana wiki tatu sikuliona hilo, mimi mwenye kujiita wa haki.

Mzee akageukia pazia. Kisha akaita, "Perusi, umesikia?"

Pazia likasogea. "Nimesikia, baba."

"Ulijua habari za mungu huyu?"

"Nilijua. Aliniandikia kanuni zote, barua kurasa sita. Mara tatu nilianza kumjibu kwamba sitaki mwanamume mjinga." Nikaviangalia vidole vyake vya miguu chini ya pazia. "Lakini wale wengine wanaoulizia, baba, sijui hata moja wanalofikiria. Huyu hakuna asiloniambia. Afute tu, hapa, nikimwona."

Nikatoa kalamu. Nikaifuta kanuni ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, na Mwenye Mawingu mwenyewe, mstari kwa mstari, nikimpa Mzee daftari akague kila ukurasa. Akakagua kweli, kwa kidole. Mwisho akaomba, sala ndefu, akamwomba Mungu wa kweli atusamehe na atupe kazi za kufanya siku za Jumamosi, na kwenye amina yake ndipo shangazi akapiga kigelegele cha kwanza, kwa sababu ndani ya ile sala, katikati kabisa, Mzee alikuwa amesema "na mkwe wetu huyu," na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijasikia. Ilibidi Masudi anipige kiwiko. Nililia, niseme ukweli. Nilikunywa soda tatu mfululizo nikiwa nalia.

Nimekaa na Perusi miaka mingi sasa, na kila nikiandika hapa ananichungulia begani kuona kama sijaanza kutunga kitu. Mchezo bado upo, Mwalimu bado anashinda, na Nikodemo anakuja kila Jumamosi, anaingia anakaa, hakuna anayegeuka. Nimejifunza kwamba mtu anayetaka haki mpaka kwenye maharage anaweza kumwonea rafiki yake mchana kweupe asijue. Wenye vipaji vya kutunga miungu na watunge, mimi nimeacha. Zimwi nimebakiza, mijusi nimebakiza, hata vita nimebakiza, lakini mvua kwenye boksi langu itanyesha yenyewe.